Hina Kwenye Kiganja cha Ilham

Dada yangu Salma,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, mama yetu akiwa pembeni, maneno hunikwama.

Picha ya njia unayopita kwenda kazini huko ughaibuni, iliyojaa majani mekundu na ya manjano, tuliipata. Ulisema, "Mtengenezee mwanangu Ilham mti kama huu, aone ninapoishi." Nikatengeneza. Sijui kama nilifanya vyema.

Nilifuata ulivyonifundisha hapa hapa Chukwani, tulipokuwa tukikata maboksi sakafuni huku mama akiulizia mkasi wake. Unaikumbuka gundi yetu ya uji wa ngano? Panya waliitafuna nyumba yetu ya boksi, mimi nikalia, wewe ukacheka. "Tutajenga nyengine," ulisema, na kweli tukajenga.

Safari hii shina lilikuwa boksi la biskuti. Majani ya manjano tuliyapaka bizari. Kwa mekundu nilikosa rangi, nikakoroga hina, nikampaka Ilham kiganjani, akagonga mihuri mti mzima. Alivyocheka! Hakutaka kunawa mpaka ikamkaukia.

Jioni Bi Zuhura, jirani yetu, akamshika mkono. "Ehee! Hina, na sikukuu bado? Mama yako anarudi nini?"

Alikuwa anamtania tu. Lakini uliporudi likizo tulimpaka hina kukupokea, naye hajasahau. Akanijia mbio. "Mama mdogo, mama anakuja?"

Nilitaka kusema hapana. Unanijua nilivyo. Nikamwambia, "Tutamuuliza."

Tangu hapo kila jioni anakaa barazani na gauni lake la Idi. Mama anasema nimwache, atasahau. Mimi naogopa asisahau, halafu naogopa zaidi asije akasahau kweli. Nimemaliza skuli, kila mtu ananiuliza ntafanya nini sasa, na mimi hata mtoto huyu sijui nimjibu nini. Nimwambie ukweli? Ukweli wenyewe ni upi, dada? Unarudi?

Mti tumeubandika juu ya kitanda chake. Huweka kiganja juu ya jani moja, halafu jengine, kuona kama bado vinafanana. Havifanani tena, hina inafifia. Leo asubuhi kaninyooshea mkono.

"Nipake tena, isije ikatoka kabla hajafika."

Bakuli la hina nimeshalikoroga, liko hapa mezani. Sijampaka. Mpigie wewe, umwambie mwenyewe, mimi nitamshika mkono.

Mdogo wako anayekungoja naye barazani,
Mama mdogo wa Ilham