Sombe huku Kerala

Yaya Zaina, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka Kerala, kusini mwa India, ambako mvua haijui kupumzika. Mihogo ni mingi kama kwetu Kasongo, lakini majani yake wanayatupa! Jana, ili nipike sombe, niliyatwanga kwenye kinu cha jiwe cha jirani yetu, mjane anayeitwa Ammini. Alipoona nayabandika jikoni alishika kichwa: "Mwanangu, haya yanaua mbuzi! Mumeo asile!" Nilimweleza kwamba yakichemka sana sumu inaisha. Hakuamini. Tulipoanza kula alivuta kiti, akaketi mlangoni akitutazama, mvua ikimlowesha mgongo.

"Huyu mama iko anangojea tukufe," Amisi aliniambia kwa Kiswahili.

"Basi kula mingi, tumuonyeshe."

Alikaa mpaka jioni, kila mara akitugusa paji la uso. Yaya, tangu tufike nilikuwa nikijiuliza kama yuko mtu hapa ambaye angejua tukiugua. Giza lilipoingia nasi tungali wazima, Ammini alicheka, akaomba sahani.

Mkumbatie Mama kwa nguvu, mara yangu na mara ya Amisi.

Mdogo wako,
Asha