Machipuko Yaliyokawia Chumbani kwa Baba

Hietaperä,
Jumapili, 11 Mei 1969

Mdogo wangu mpenzi Tauno,

Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kazini, na kwamba bahari haikukutesa kama ilivyokutesa ulipokuwa ukija. Je, kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepoa? Wifi yangu Barbro hajambo? Na mabinti zako, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Wabusu wote kwa niaba yangu, hata yule mdogo asiyependa kubusiwa. Mimi ni mzima wa mwili. Ng'ombe nao ni wazima, ila Mustikki amekuwa mkorofi tangu anuse majani; jana alivunja ubao wa zizi kwa pembe, nikashinda asubuhi nzima na nyundo.

Ziwa lilifunguka Ijumaa. Barafu haikuondoka kwa kishindo mwaka huu. Ilikaa ikawa ya kijivu, ikawa nyeusi, kisha upepo ukavuma kutoka kusini na kufika saa sita mchana maji yalikuwa wazi. Saimi wa jirani alipita kuazima hamira, akasema barafu imeondoka kama mpangaji anayekimbia kodi. Miti ya koivu nayo imeanza kuchipua, majani madogo kama masikio ya panya. Wanawake wa ng'ambo ya ziwa wameshatoa mazulia kuyafua ufukweni, na vicheko vyao vinafika mpaka hapa jikoni. Miaka mingine ningekuwa nao. Mwaka huu nimefunga dirisha.

Tauno, siku ya mazishi tulipokuwa tunaosha vikombe, uliniuliza kama Baba aliumia. Nilikujibu kwamba hapana, alilala tu, kila siku akilala zaidi kidogo. Ukanishika bega, ukasema afadhali. Kisha ukapanda basi la kwenda bandarini, na mimi nikabaki na lile neno lako. Sasa nakuandikia kwa sababu nilikudanganya. Nitakueleza kwa utaratibu, nawe usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Ulipata barua yangu ya mwezi wa pili, niliyokuandikia kwamba Baba ana shida ya tumbo. Shida ya tumbo ilikuwa saratani, na wakati ule tulikwisha kuijua. Daktari wa mjini alimweleza Baba mwenyewe, akamwambia ataona theluji ikiyeyuka, lakini asitegemee kuona nyasi zikikatwa. Baba alivaa kofia yake, akamwambia daktari kwamba nyasi za Hietaperä zimekatwa mara sitini na mikono yake, hazitamlilia. Njiani kurudi tulifika kwenye njia ya juu ya barafu ziwani. Hapo akaniambia nisikuite. Alisema kama Tauno anataka kuja atakuja mwenyewe, haitwi kama mbwa.

Unajua maneno mliyoachana nayo alipouza lile shamba la mtoni. Mimi sikuwahi kuchukua upande, na sichukui sasa. Nakueleza tu alivyosema.

Muuguzi Raakel akawa anakuja kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kila siku ya pili, na sindano za mofini kwenye mkoba. Sindano ya kwanza ilimlaza Baba siku moja na nusu. Alipoamka aliniita kwa jina la Mama, akaniuliza kwa nini sijakamua. Akili ilipomrudia, nikamweleza aliyoyasema, naye akaona aibu kubwa. Raakel alipokuja tena, alimzuia mkono.

"We sista, hiyo dawa yako weka," alimwambia. "Nipe vidonge vya watoto."

Raakel akamwambia vidonge havitafika popote kwa maumivu yale, akamwuliza anamwonyesha nani ushujaa.

"Simwonyeshi mtu. Nataka nimsikie kiuru nikiwa na akili zangu. Akishaimba, nichome sindano mpaka nitoboke. Sitakuuliza kitu."

Unakumbuka alivyompenda yule ndege, kadege ka rangi ya udongo ambako hakaonekani mpaka kapande juu ya shamba kuimba. Raakel alicheka, lakini alipotoka alinishika mkono kwenye ngazi. Alisema anaheshimu neno la mgonjwa, ila nimwite siku ile ile ndege atakapofika, hata kama ni Jumapili, hata kama yuko kanisani. Nikamwahidi.

Kwa hiyo nikawa macho ya Baba, na masikio yake pia. Chumba chake, kama ujuavyo, kinatazama ukuta wa zizi, na madirisha ya ndani ya majira ya baridi yalikuwa bado mahali pake, nyufa zote zimezibwa kwa pamba. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Kila siku nikitoka kukamua nilikaa kwenye kiti chake cha kutengenezea nyavu, nikamletea habari. Nilimwambia siku paa lilipoanza kudondosha maji upande wa kusini. Nilimwambia theluji ilipozama ikaacha duara jeusi kuzunguka kila shina. Nilimletea tawi la mwerebi lenye vile vifundo laini vya kijivu, akavipitisha kwenye mdomo wake kama mtu anayeonja. Nilimwambia kunguru wamerudi, kuku wameanza kutaga tena, na waendesha magari wameacha kupita ziwani kwa sababu maji yanasimama juu ya barafu. Alikuwa na maumivu, Tauno, asubuhi alikuwa anauma kona ya blanketi mpaka ikatoboka, lakini nikianza kusimulia aliacha kuuma. Alisema, "Ehe. Na nini tena?" Sijawahi kusikilizwa vile na mtu yeyote. Nina miaka arobaini na minne, na majira yale ya baridi Baba alinisikiliza kwa mara ya kwanza.

Wakati huo barua yako ilikuja, kwamba utapata ruhusa wiki ya kwanza ya Mei. Nilimsomea. Aliniomba nimnyoe ndevu.

Kiuru alikuja Jumatano, tarehe tisa Aprili, saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa natoka zizini na ndoo mbili. Shamba la Saimi lilikuwa limeshaonyesha udongo kwenye kile kilima kidogo, na juu yake nikamsikia. Niliweka ndoo chini. Nilimtafuta angani mpaka macho yakatoka machozi, nikamwona, punje tu. Kisha nikaingia ndani, nikavua viatu, nikakaa kwenye kile kiti. Baba akauliza kuna nini leo.

Nikamwambia hakuna kitu. Nikamwambia baridi imerudi.

Sikuwa nimepanga, naapa. Lakini uongo wa kwanza ulitaka wa pili. Kesho yake nilimwambia theluji imeanguka upya. Siku iliyofuata nilimwambia kunguru wamejificha. Yeye alikuwa anazidi kukonda, na jasho lilikuwa linalowesha godoro, nami nabadilisha shuka na kumwambia majira ya baridi yamekataa kuondoka mwaka huu. Siku moja aliniambia haamini. Nilikwenda nyuma ya ghala, upande ambao jua halifiki, nikajaza bakuli la theluji nikamletea. Aliingiza mkono, akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa ya chengachenga, ngumu kama chumvi ya mawe, na theluji mpya haiwi hivyo. Alitoa mkono akaufuta kifuani.

"Hii theluji imezeeka," alisema.

Nikamjibu kwamba hata sisi tumezeeka. Alinitazama muda mrefu. Sijui alielewa nini. Nimejiuliza kila siku tangu siku ile.

Raakel aliponiuliza kama kiuru amesikika, nilimwambia bado. Yeye anakaa kijijini, karibu na kiwanda cha mbao, na huko huwezi kusikia ndege kwa msumeno. Aliniamini.

Ilikuwa Jumapili tarehe ishirini. Nilikuwa nachemsha kahawa, Saimi akaingia na mkate, akapitiliza chumbani kabla sijamzuia. Unamjua Saimi, hajui kunong'ona hata kanisani.

"We Eelis, bado umelala tu? Wanaume wenzako wanatengeneza mitumbwi!"

Baba akamwambia mitumbwi ya nini, na dunia bado imeganda.

"Imeganda wapi? Imeganda kichwani mwako! Kwangu kiuru anapiga kelele wiki mbili sasa, tangu alfajiri, mpaka nimemwambia mume wangu bora tumfuge na kuku." Akageuka kwangu mlangoni. "Lyyli, wewe hukumwambia baba yako?"

Nilikuwa nimeshika sufuria ya kahawa. Nadhani uso wangu ulimjibu, maana Saimi alinyamaza, na Saimi kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Aliweka mkate juu ya kabati akaondoka bila kunywa kahawa.

Nilingoja Baba anifokee. Ningeshukuru. Alilala akitazama dari, mikono yake juu ya blanketi, ile mikono mikubwa iliyokuwa imebaki mifupa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Mwite sista."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilikimbia mpaka kijijini, skii hazikufaa tena kwa tope. Raakel alikuja, nikamweleza ukweli barabarani, na yeye pia hakunifokea. Aliongeza mwendo tu, akaniacha nyuma. Tulipofika, Baba alinyoosha mkono mwenyewe apokee sindano na kugeuza uso ukutani. Nilitoa madirisha ya ndani, nikang'oa pamba yote kwa kucha, nikafungua dirisha wazi. Upepo uliingia, harufu ya udongo ikaingia, na maji yalisikika yakikimbia chini ya theluji kuelekea ziwani. Lakini yeye alikuwa ameshalala. Hakuamka tena. Siku ya tatu, Jumatano mchana, alikata roho wakati natandika kitanda chake upande mmoja.

Siku kumi na moja, Tauno. Siku kumi na moja aliuma blanketi bila sababu, na sababu ilikuwa mimi.

Saimi ameniambia tangu hapo kwamba anaelewa. Anasema nilikuwa nakungoja wewe. Kwamba nilitaka umkute na akili zake ili mpatane. Amekwisha kuwaeleza wanakijiji hivyo, na wote wananitazama kwa huruma dukani. Nawe ukija majira ya joto utaambiwa hivyo hivyo. Ningeweza kukuacha uamini, na ungenipenda zaidi. Mimi mwenyewe niliamini kwa siku tano.

Siku ya sita, Jumatatu tarehe kumi na nne, nilikwenda dukani kukupigia simu. Namba ya kiwanda chenu nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi, nikaikunja ndani ya glovu. Mke wa mwenye duka aliniletea simu mpaka mezani, akapunguza redio, akasema nizungumze nitakavyo. Nilijua ukisikia neno saratani utapanda meli siku ile ile. Nilijua pia kitakachofuata. Utaingia chumbani, mtasema mliyonayo, Baba atakushika mkono, kisha ataniuliza tena habari za ndege, na safari hii atakuwa amemaliza shughuli zake zote, tayari kwa sindano. Nilisimama pale mkono juu ya simu. Halafu nikamwambia mama yule kwamba nimesahau namba, nikanunua kahawa robo kilo, nikarudi nyumbani. Karatasi niliitia kwenye jiko.

Kwa hiyo sikuwa nakungoja wewe. Nilikuwa nakuzuia, kama nilivyomzuia kiuru. Nilitaka tu Baba aendelee kuniuliza kila asubuhi, "Na nini tena?" Kwa ajili hiyo nilimwacha aumie, na nikakunyima kumwona baba yako akiwa hai. Ulipiga magoti mbele ya jeneza na kusema laiti ungejua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika kofia yako.

Jambo moja bado sijakwambia, na halinipunguzii mzigo. Baba hakutaja jina lako tena baada ya ile barua yako. Lakini wiki ile alianza kula. Vijiko viwili vya uji, wakati mwingine vitatu, na kila mara alitapika, na kila mara aliomba tena. Nadhani alikuwa akijitunza mpaka Mei. Sina ushahidi mwingine, ila nilikuwa nashika kijiko.

Sikuandikii ili unisamehe, wala sitakulaumu usipojibu. Ukijibu, andika unalolihisi, hata kama ni matusi. Ninachokuomba ni kimoja: usiniandikie kwamba si kitu.

Msalimie Barbro, na ukipenda mwambie, ukipenda usimwambie. Saimi anakusalimu, anasema ulikonda, na kwamba Waswidi hawajui kupika. Jaketi ulilolisahau nimelikuta kwenye msumari wa ukumbini, nitalituma kwa posta Jumanne. Kaa salama, vaa vizuri asubuhi, mashine zenu zina baridi.

Dada yako,
Lyyli