Jina Lako Chini ya Picha

Dada yangu Zena,

Mungu akulaze pema, na anisamehe mimi kwa hasira ninayokuandikia nayo. Mumeo nusura avunje nyumba ya Maimuna. Ndiyo, Maimuna yule yule uliyempiga picha siku ya arusi yake, hina mbichi mikononi, kichwa wazi. Wakumbuka alivyokushika mkono: "Dada Zena, picha hii isitoke nde, ikae ndani." Ukamwapia.

Tangu ututoke, hapa kwetu Amu pamefunguliwa maktaba, nami nafanya kazi humo. Usinicheke. Mkubwa wangu ni Bwana Mutua, mtu wa bara, mwenye utaratibu wake: picha haipandi ukutani mpaka mwenyewe atie sahihi, na jina la mpigaji liandikwe chini. Basi alipotaka picha za mji, alikwenda studio kwa shemeji Athmani. Nyuma ya kila picha pana muhuri wake, hata zako. Ulikuwa ukisema, "Muhuri wa Athmani, jicho langu." Shemeji akatia sahihi zote bila kuzitazama. Mimi nilikuwa nyumbani na homa. Narudi kazini, namkuta Maimuna ukutani, na chini yake: "Imepigwa na Bwana Athmani."

Yarabi! Mwanamume ndani ya chumba cha bibi arusi!

Mtaa mzima wa Mkomani ulikuwa umeshajua. Mumewe Maimuna wala hakupiga kelele. Alimrudisha kwao, akasema atangoja mpaka Ijumaa ajue ni nani aliyesimama mbele ya mkewe, na akiwa ni mwanamume, atatoa talaka.

Niliishusha ile picha. Bwana Mutua akashangaa: "Lakini Bi Khadija, mwenye picha ameruhusu!" Nikamwambia mwenye picha yuko kaburini, na mwenye uso hakuulizwa. Maskini, jasho lilimtoka. Yeye alifuata sheria yote, ila alimuuliza asiyehusika.

Neno langu peke yake lisingetosha, wangesema namfichia Maimuna. Ilibidi Athmani aseme mwenyewe. Nilikwenda kwake, na siku ile sikumwita shemeji. Akaniambia, "Nitachekwa mji mzima." Si picha zako za ndani ndizo zilizompa sifa yote aliyo nayo? Nikamjibu, bora uchekwe wewe kuliko Maimuna aachwe. Nikaondoka sijui kama atasema au hatasema, na siku zile, dada, chakula kilinishinda.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilikuwa dirishani kwa jirani, roho mkononi. Nikamwona Athmani anamwendea mumewe Maimuna, mbele ya watu wote. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Chumba kile sijakanyaga hata kizingiti chake. Aliyepiga ni marehemu mke wangu. Na zote za wanawake ni zake, mimi nilipiga muhuri tu."

Hakuna aliyecheka, dada. Nililia, nakwambia, nililia mpaka jirani akaniletea maji.

Mumewe alikwenda kumchukua Maimuna alasiri ile ile. Maimuna akamweka barazani hadi adhana ya magharibi ndipo akamfungulia. Hayo najua alijifunza kwako.

Picha nilimkabidhi mwenyewe mkononi, akaitia kashani, akafunga. Ukutani tumebakisha ile ya mlango wa nyumba yenu, uliyoipiga jua likiupiga ubavuni. Shemeji aliruhusu tena, safari hii akiitazama. Chini nimeandika jina lako lote: Zena binti Omari. Juzi alikuja, akasimama pale, akalisoma kwa sauti kana kwamba anakuita.

Bado nina kinyongo naye kidogo. Kitaisha, inshallah.

Nakuaga sasa, dada yangu, nasi tuko nyuma yako. Nakuahidi hili: maadamu mimi nimo katika maktaba hii, kazi yako haitakaa bila jina lako, wala uso wa mtu hautapanda ukutani bila neno lake. Lala. Picha ya Maimuna iko ndani, kama ulivyomwapia.

Mdogo wako,
Khadija