Goti la Elisée

Turffontein, Johannesburg
Tarehe 9 Juni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na mama na wote mlio hapo nyumbani Uvira. Kifua chako kinaendeleaje tangu mvua zikatike? Na mama, ile miwani mpya imemsaidia? Sisi huku tu wazima. Baridi imeingia mapema mwaka huu, na mkweo Placide, mume wangu, anavaa makoti mawili akienda lindo lake Marshalltown. Mjukuu wako Héritière amekuwa wa nne darasani. Kiswahili anakielewa chote, ila nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu.

Barua hii inaletwa na Gaston, fundi cherehani wa jirani, anayekuja huko kuoa. Nimeona heri niandike, kwa sababu wiki iliyopita uliponiuliza kwa simu kama ni kweli Elisée ameacha mpira, nilisema ndiyo, halafu nikasingizia mtandao na kukata. Mtandao ulikuwa mzuri, Baba. Nilishindwa kuendelea.

Wewe unamjua kwa redio. Mimi namjua kwa kichwa chake, maana miaka minne amekuwa akija saluni kwangu Rosettenville, kila baada ya wiki mbili, kusukwa. Ni mtoto wa Fizi, aliyeletwa huku akiwa mgongoni mwa mama yake. Kwenye kiti ni mpole mpaka unasahau kwamba yupo. Uwanjani, ndani ya jezi ya Reef Wanderers, alikuwa mtu mwingine. Akipokea mpira pembeni kushoto, watu walikuwa wameshasimama kabla hajaanza kukimbia. Wenyeji wakampa jina Umoya, ambalo kwa Kizulu ni upepo.

Unakumbuka mwaka ule wa fujo dhidi ya wageni, waliponivunjia vioo vya saluni. Ng'ambo ya barabara kuna MaKhumalo, mama mwenye spaza, yaani kiduka cha mtaani, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuitikia salamu yangu. Elisée alipoanza kufunga mabao, mama huyo alivuka barabara, akaketi kwenye kiti changu, akataka mistari kama ya Umoya. Ana miaka sitini na mmoja! Tangu siku hiyo ananiita Mama Héritière, na hakuna aliyetugusa tena. Naamini kabisa kwamba Elisée ndiye aliyetufungulia mlango pale.

Basi, mwezi wa nne, katikati ya mchezo, alianguka peke yake bila kuguswa na mtu. Tukasema atarudi. Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, MaKhumalo akiwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imeshasukwa, televisheni ikamwonyesha Elisée amekaa mezani na shati jeupe. Alisema goti limekwisha, madaktari watatu wamesema neno moja, naye ana miaka ishirini na sita na hatacheza tena. Alishukuru mama yake. Alishukuru watu wa kusini mwa jiji. Akainuka kwa magongo.

MaKhumalo alisema tu, "Eish, mtoto wangu," akatoka nje hivyo hivyo, upande mmoja wa nywele umesimama. Nikamfuata mlangoni. Pale kwenye robot, taa za kuongoza magari zilikuwa za kijani na magari hayakwenda. Madereva wameinamia redio zao. Placide naye alinieleza kwamba msimamizi wake, mtu wa Soweto asiyewahi kumwita kwa jina, alimfuata getini na kumpa mkono kama anayempa pole mfiwa. Jumapili mchungaji alituombea sote, kisha akaliombea goti.

Jumamosi tulikwenda kwenye uwanja wao wa mazoezi, ingawa hapakuwa na mchezo. Tulikuwa mamia. Hakuna aliyepanga lolote. Watu walifunga skafu zao kwenye wavu wa uzio wakaimba polepole. Elisée alikuja karibu na uzio, akawagusa wengi vidole kupitia matundu ya wavu. Aliponiona alinipungia mkono. Niliinamisha macho.

Pale uzioni ndipo yalipoanza maneno. Walisema daktari wa timu ndiye aliyemharibu, kwamba aliliona goti akanyamaza ili timu ishinde. Mtu mmoja alisema anajua anapokaa. MaKhumalo aliunga mkono kwa sauti kuliko wote, na mimi nilisimama kando yake nimefumba mdomo.

Baba, daktari yule hakujua. Mimi nilijua.

Mwezi wa pili, Elisée alikuja siku ambayo sikuwa na mteja mwingine. Nilipokuwa nimesuka kama nusu, alipandisha suruali, akaniambia nitazame, maana niliwahi kumsimulia kwamba baba yangu alikuwa muuguzi, na kwamba nilikuwa nikikusaidia zahanatini. Nililiminya goti kama ulivyonifundisha. Kile kifupa cha juu kilikuwa kinaelea, kikizama na kurudi. Alisema linajaa maji kila baada ya mchezo, kwamba anameza vidonge na kulificha mbele ya daktari wa timu. Akaniuliza afanye nini.

Nilijua la kujibu. Ungekuwa wewe, ungeshamshika mkono ukampeleka hospitali. Mimi nilifikiria Jumamosi iliyokuwa mbele yetu, na MaKhumalo, na vioo vyangu. Nikamwambia, "Funga bandeji, umalizie msimu. Utapumzika baadaye. Sisi sote tunakutazama wewe." Nikaendelea kusuka. Jumamosi ile nikapiga kelele akimbie, na akakimbia.

Nilimweleza Placide. Akasema niende nikamwambie Elisée mwenyewe. Jumatano mchana nikaenda kwao, nikamwambia Elisée kwamba nilijua ubaya wa goti lile siku ile ile na nilimdanganya kwa faida yangu. Mama yake alikuwa jikoni, nadhani alisikia. Elisée alilitazama goti. Kisha akasema, "Mama Héritière, nilikuuliza wewe kwa sababu wengine wote nilijua wataniambia nicheze."

Hakunifukuza, wala hakuniambia si kitu. Aliomba nimfumue nywele, anataka kunyoa. Nilimfumua mstari mmoja mmoja mpaka jua likahama dirishani.

Kesho yake nikawaambia wateja wangu saluni, ili wamwache daktari wa watu. MaKhumalo alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akavuka barabara. Hajarudi. Ila jana nilipokuwa nafagia mlangoni alinitazama kutoka ng'ambo, akanisalimu, sanibona, kwa sauti ndogo, nami nikaitikia. Kuhusu daktari, sijamsikia tena mtu akimtaja kwa ubaya.

Sikuandikii ili unifariji, Baba. Nilipokuwa nikiaga, Elisée aliuliza kama mzee aliyenifundisha yuko hai. Anataka kujua goti kama lile litunzwe vipi ili akifika umri wako aweze kutembea bila fimbo. Nikamjibu sijui, na safari hii ilikuwa kweli. Nakuomba umwandikie, ukimpa Gaston, akirudi atamfikishia. Mwambie ukweli wote, hata ule mgumu. Mimi usiniandikie kitu mpaka uwe tayari.

Nisalimie mama, na wadogo zangu, na majirani wote wa pale kisimani. Placide anakuamkia, na Héritière ameandika jina lake hapo chini kwa mkono wake. Mungu akulindie pumzi yako.

Ni mimi mwanao,
Léocadie

Héritière