Safina Haina Mlango

Mdogo wangu Sifa,

Hujambo huko Uvira, na lile goti lako linalojua mvua kabla ya redio, halijambo? Usililete huku kambini Kakuma, mvua hakuna, litakosa kazi. Mimi mzima, bado nawashinda shemeji zako wote kwa sura.

Sasa kaa chini. Kaka yako amekuwa Nuhu. Padri mmoja wa Lodwar alimwomba jirani yangu Bahati, Mrundi mchoraji, picha ya Nuhu ya kutundika kanisani. Ndiye huyu Bahati ananiandikia barua hii. Akatafuta uso kambi nzima, akarudi kwangu. Nikakaa dirishani siku tatu bila kupepesa, hata nzi waliniheshimu. Bahati anatikisa kichwa. Andika tu, Bahati.

Picha yenyewe ni wino mweusi mtupu, Sifa. Mistari kama kuku amekanyaga masizi akapita juu ya karatasi. Mdomo hakunipa, jicho moja kama sahani. Safina ndio hii nyumba yangu ya mabati, maji yamezunguka, mimi nachungulia. Lakini ndevu ni zangu, ungenijua. Nikamuuliza mlango uko wapi.

"Mzee, imeandikwa Mungu ndiye alimfungia Nuhu. Kwa nje."

Hilo neno nalitafuna mpaka leo.

Padri akanialika siku ya kuitundika. Huku hutoki kambini bila kibali, basi nikaenda ofisini mara nne, shati nimepiga pasi. Karani akasema, "Mzee, picha haihitaji kibali. Wewe unahitaji." Nikamwambia anigonge mhuri kwenye paji la uso, niende kama picha. Alicheka mpaka machozi. Mhuri hakugonga.

Jumamosi picha ikapanda gari la padri, imefungwa blanketi. Dereva, Mturkana, akanipa mkono, akanisalimia kwa lugha yao, ejok, akaahidi kwenye mashimo atapita pole nisivunjike shingo. Nikacheka na yeye. Gari likaenda, mimi nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyesahau kitu. Miaka yote hii, Sifa, uso wangu ndio umefika Lodwar.

Nisalimie mume wako fundi viatu, na shangazi wa sokoni anayejifanya haoni wenye madeni. Kitanda changu msimpe mtu.

Hapa chini nitamnyang'anya Bahati kalamu. Kuandika sijui, lakini ukiona mistari imepinda, usicheke, ni mlango. Komeo nitaweka kwa ndani.

Kaka yako,
Zakaria