Bunduki ya Bata Mzinga na Matundu Niliyotoboa Mie

Bi. Azza, mshauri wetu, pokea salamu zangu kutoka Ibra, huku Omani. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, niliolewa nikiwa na kumi na minane, na hili ninalokuandikia sijamwambia hata binti yangu, kwa haya, na kwa kuchoka pia, maana nimechoka hata sijui nianzie wapi, basi acha nianze na huyo bata mzinga.

Mwanangu Yazeed alikwenda Amerika kusoma, akapata kazi, akaoa huko huko, na baba mkwe wake ni mtu wa kuwinda, kila ukifika mwezi wa nne wanaingia msituni kupiga bata mzinga wa porini, si hawa wa kufugwa. Mwaka jana akampigia simu baba yake, akamwambia, "Baba, njoo uwinde na sisi, nimeshawaambia watu wote huku kuwa baba yangu ni bingwa." Na bingwa alikuwa kweli, sikudanganyi. Tulipokuwa vijana Unguja, Marhoun alikuwa akipiga ndege kanga akiwa hewani, na watu wa shamba la baba yake wakipiga vigelegele.

Tangu simu ile nyumba yangu haina mazungumzo mengine. Bunduki ya marisawa, ile inayomwaga chembe nyingi kwa mpigo mmoja, atanunuliwa huko huko, lakini ipi? Vitabu vya picha za bunduki vinakuja kwa posta, Ibtihal binti yetu anamsomea kwa sababu ati herufi ni ndogo, na sisi sote tukae tusikilize, mtutu mrefu au mfupi, ya kukokota kwa mkono au ya kujipakia yenyewe, mdomo wa mtutu ubane kiasi gani ili zile chembe zisitawanyike kabla hazijamfikia ndege, mpaka mie ambaye kazi yangu ni kushona kofia nimeyajua haya yote na sikuyataka.

Kubwa lao ni kile kidude cha kulengea juu ya mtutu. Anayo bunduki yake ya zamani, ya leseni, na kila Alhamisi asubuhi tunakwenda shambani kwetu Al Qabil kufanya mazoezi. Anachora kichwa na shingo ya bata kwenye karatasi, anaibandika kwenye sanduku, anahesabu hatua arobaini, anapiga. Siku ya kwanza alilenga kwa ile shanga ndogo ya shaba iliyo ncha ya mtutu tu, na mie ndiye niliyekwenda kuleta karatasi kwa sababu goti lake linauma. Karatasi ilikuwa nyeupe, haina hata tundu moja. Akasema kosa ni la shanga. Yazeed akamtumia kilengeo chenye nyuzi za kung'aa, kijani nyuma na nyekundu mbele, Alhamisi ya pili tukaenda, karatasi nyeupe. Akanunua kingine, kibomba kina nukta nyekundu ndani na betri yake, fundi wa soko la Nizwa akamfungia, tukaenda, karatasi nyeupe. Siku zote hizo mume wangu halali vizuri, hali, na ukimsemesha anakujibu "khalas" basi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Alhamisi ile ya tatu nilipofika kwenye sanduku nikageuka nikamwona amesimama kule na bunduki yake, mabega yameanguka, na mfukoni nilikuwa na sindano yangu ya kutobolea viua vya kofia. Nikapiga magoti kama ninayebandua karatasi nikatoboa matundu manane shingoni mwa bata. Kutoboa tundu likawa duara ni kazi ya maisha yangu, Bi. Azza. Nikampelekea. Akaishika karibu na uso akasema, "Mashallah. Manane?" Nikamwambia manane. Siku hiyo alikula sahani mbili za wali na akanitania kama zamani, na mimi nikafurahi, wallahi nilifurahi.

Tangu hapo natoboa kila wiki, nachukua na masizi kidogo ya dele la kahawa nipake pembezoni yafanane na ya risasi, na sasa tumefika matundu kumi na tano. Lakini vilengeo bado anaagiza, kingine kipo njiani.

Najua ni macho. Mwezi uliopita alimwamkia nduguye Aflah uani, akamuuliza hali na habari za watoto, na kilichokuwa uani ni dishidasha, kanzu yake niliyoianika. Gari amemwachia Ibtihal, anasema joto la usukani linamchosha. Wiki iliyopita ikaja barua ya Yazeed: "Baba, kilemba chako usije nacho msituni, wala chochote chekundu, cheupe au buluu, kwa sababu kichwa cha bata mzinga kina rangi hizo na watu wamepigwa risasi kwa hilo. Mimi nitakaa mbele yako kidogo nikimwita ndege." Nikaisoma mara ya pili. Mbele yake! Tikiti inakatwa wiki ijayo. Je, kipo kilengeo cha kumfaa mtu wa miaka sitini na tatu asiyeona, au nimwambie kweli, na nikimwambia nitaanzaje?

Mchovu, Ibra

Bi. Azza anajibu:

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nilicheka na ya pili sikucheka. Nakuonea huruma, na nitakugombeza hivyo hivyo.

Umeniuliza kilengeo. Nimemuuliza mtu anayezijua bunduki, akaniambia kwa macho ya uzee ile nukta nyekundu ndiyo bora, kwa sababu huna haja ya kupanga vitu viwili kwenye mstari, unaiweka nukta juu ya ndege basi. Bunduki akasema iwe nyepesi, mdomo wake ubane, na aijaribu kwenye karatasi kabla ya msitu. Haya, umejibiwa. Kisha akaongeza, nami nakupa kama alivyosema: kilengeo kinakuonyesha unapolenga, hakikuambii unalenga nini. Mtu anayeiamkia dishidasha akidhani ni nduguye, atampiga mwanawe akidhani ni bata. Na ukiona haya kumwambia mumeo leo, jiulize utamwambia nini mke wa Yazeed mwezi wa nne.

Ulimtobolea kwa mapenzi, naamini. Siku ya kwanza ningekusamehe, pengine ningefanya kama wewe. Lakini ulipoanza kuchukua masizi kutoka nyumbani ilikuwa si huruma tena, ilikuwa uvivu wa kusema. Samahani, lakini ndivyo.

Fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mpigie Yazeed umwambie baba yake haoni, asinunue bunduki yoyote. Alhamisi nenda shambani, na ukifika tu, bunduki ikiwa bado ndani ya mfuko wake, mpe karatasi safi mkononi umwambie, "Baba Yazeed, hivi ndivyo zilivyokuwa zote. Matundu niliyatoboa mie." Kisha nyamaza. Usimfariji, usilete kahawa, mwache aseme atakalo. Akikasirika, akasirike. Wiki hiyo hiyo mpeleke kwa daktari wa macho, uingie naye ndani, maana wanaume wakiulizwa wanasema wanaona. Ikiwa ni mtoto wa jicho, hutolewa, na watu wengi hurudi kuona. Safari msiivunje. Nendeni nyote wawili mkamwone mtoto wenu, mzee akae na baba mkwe wa Yazeed barazani amsimulie ndege kanga wa Unguja. Kuwinda ni mpaka daktari aseme.

Na sasa nikwambie kitu ambacho umekiandika mwenyewe na hukukiona. Mtu aliyepata matundu kumi na tano shingoni anaagiza kilengeo kingine cha nini? Mtu anayeamini anaona, usukani ameuacha kwa nini bila kuambiwa na mtu? Huyu amepiga bunduki tangu ujana wake, na karatasi yako aliishika karibu na uso. Marhoun anajua, dada yangu. Anajua macho yake na anaijua sindano yako, kofia anazovaa umemshonea wewe. Hajakwambia kwa sababu kila Alhamisi anakuona unamjia na karatasi ile huku umefurahi, na hana moyo wa kukuvunjia furaha yako.