Kanisa Ulilokwenda na Mzee Vito

Mama,

Nimefika kwenye lile kanisa la Sisilia, na aliyenipeleka ni Mzee Vito mwenyewe. Najua ungeshangaa. Unajua vile nilivyokuwa nikimwangalia huyo mzungu.

Mkewe uliyekuwa ukimuuguza pale Annandale alipofariki, nilidhani kazi imeisha. Lakini kila Jumamosi bado ulipanda basi kutoka kwetu Alexandria, huku ughaibuni, ati unaenda kumpikia supu. Halafu ile Pasaka mkasafiri Sisilia. "Ni kazi tu, Wanjiru," uliniambia. "Mzee hawezi kwenda kwao peke yake." Ukarudi na kitambaa cha hariri, ukawa unaimba jikoni. Sikukuuliza. Nilikutazama tu.

Siku ya ibada ya kukuaga, kabla hatujakusafirisha Nyeri, alikaa nyuma kabisa akalia kuliko mjomba. Wamama wa chama wakaniuliza huyo ni nani. Nikasema ni mume wa mgonjwa wako. Basi aliponipigia simu mwaka huu akitaka nikaone mahali ulipopapenda, nilijiuliza anatafuta nini. Pengine mpishi mwingine. Nilikubali ili nijue.

Mama, lile kanisa. Nje ni mawe matupu, kama ngome. Ndani kuta zote ni dhahabu, vijiwe vidogo vidogo vilivyopangwa vikawa watu na wanyama. Matao yamechongoka kama ya msikiti. Vito akaeleza kwamba mfalme aliyelijenga, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, aliwachanganya mafundi Waarabu na Wagiriki. Nikaona anaongea sana, kama mtu anayeuza kitu. Hata yule Yesu mkubwa wa mbele nilihisi anajua jambo ambalo mimi sijaambiwa.

Tulikuwa chini ya picha ya Nuhu akijenga safina taa zilipozimika. Kule unatumbukiza sarafu ndipo ziwake kwa muda. Vito hakutumbukiza nyingine. Nikamuuliza wazi: ulitaka nini kwa mama yangu?

Akasema alikuomba akuoe. Hapo hapo, kwenye benchi lililokuwa mbele yetu. Nawe ukamjibu, "Kwanza nizungumze na binti yangu." Hilo neno binti alilitamka kwa Kiswahili, vizuri kabisa, kama wewe. Akaniuliza kama uliwahi kuniambia.

Nilikumbuka siku zako za mwisho hospitalini, ulivyokuwa ukianza, "Wanjiru, kuna jambo," halafu unaniuliza kama nimekula. Nilidhani ni dawa zinakuchanganya. Mama, mbona hukumaliza?

Sijui kama ni kweli. Mzee mpweke anaweza kujitungia mambo, na wewe hupo wa kuulizwa. Njia nzima ya kurudi nilimchunguza akiwa amelala kwenye ndege, na sikuona hila. Lakini hila haionekani mtu akilala.

Nimemwalika Jumapili. Nitapika mukimo wa viazi na mahindi, na nitamuuliza yote, moja baada ya jingine, mpaka niridhike. Nakuahidi sitamfukuza kabla hajamaliza kujibu.

Na jibu ulilokuwa ukilingoja kwangu nakupa leo. Ningekataa. Ningenuna wiki nzima bila kukusemesha. Halafu ningekupeleka kununua nguo ya harusi.

Pumzika, Mama.

Wanjiru wako